Fundi akipanda paa lako, kamba yake iko wapi?

Masika yakikaribia, mafundi bati hawapatikani kirahisi. Kila nyumba inakumbuka tundu lake siku zile zile, na simu ya fundi mmoja inapigwa na mtaa mzima.

Mwaka juzi nami nilikumbuka kwa kuchelewa. Chumba cha watoto kilikuwa kinavuja, ndoo imekaa katikati ya vitanda viwili, na kitinda mimba wangu amehamia kitandani kwangu. Nikampigia fundi. Alikuja asubuhi, akatazama juu, akataja Sh80,000. Nikamwambia nina Sh50,000. Tukavutana pale mlangoni hadi tukaafikiana Sh55,000. Nikaongeza na neno moja ambalo mpaka leo linanikaa moyoni: “Fanya haraka fundi, unaona mawingu hayo.”

Alipanda kwa ngazi ya mbao tuliyoazima kwa jirani. Alikuwa peku, nyundo ameichomeka kiunoni. Hakuwa na kamba, wala mimi sikumuuliza.

Nilikuwa jikoni nasikia anavyong’oa misumari ya zamani. Msumari mmoja ulikuwa umekwama. Akauvuta kwa nguvu zake zote, ukatoka ghafla, naye akaenda nao kinyumenyume. Alitua kwenye sakafu ya zege tunapofulia. Watoto wangu wawili walimwona akianguka.

Hakufa, namshukuru Mungu. Alivunjika nyonga na kifundo cha mkono. Jioni mke wake alikuja hospitali na mtoto mgongoni. Swali lake la kwanza kwangu halikuwa ameangukaje. Aliniuliza: “Dada, alikuwa ameshamaliza? Mlishamlipa?”

Swali lile ndilo lililonifanya nianze kuuliza mafundi, wasimamizi wa majengo na vijana wanaofunga minara ya simu: mtu anafanyaje kazi juu ya paa na kurudi kwake salama? Mzazi mwenzangu, leo nakuletea niliyojifunza. Unaweza kuyahitaji kwa ajili ya fundi unayemwita, kwa mume anayependa kupanda mwenyewe, au kwa kijana wako aliyeanza kwenda kazini na mjomba wake anayeezeka nyumba.

“Ni nyumba ya chini tu”

Hii ndiyo kauli inayotuponza. Tunaona ghorofa ndiyo hatari, nyumba ya chini ni mchezo.

Ukingo wa paa la nyumba nyingi za kwetu uko kama mita 3 kutoka chini. Mtu akianguka kutoka hapo, anafika ardhini kwa chini ya sekunde moja, akiwa na kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa. Ni sawa na kugonga ukuta ukiwa kwenye bodaboda, bila helmeti. Hakuna muda wa kushika kitu, wala wa kujigeuza utue kwa miguu.

Na juu ya paa kuna mitego ambayo sisi tulio chini hatuioni. Bati lenye umande wa asubuhi linateleza kama sabuni. Bati la plastiki tunalowekewa kwa ajili ya mwanga haliwezi kubeba uzito wa mtu, na likishapata vumbi la miaka miwili, huwezi kulitofautisha na mengine. Bati lenye kutu nalo hutoboka. Chini yake kuna dari ya jipsamu, nayo haizuii kitu. Halafu kuna waya wa umeme unaoingia nyumbani, mara nyingi ukipita pale pale fundi anapotaka kuegemeza ngazi.

Mkanda peke yake hautoshi

Wengi wetu tukisikia “mkanda wa usalama” tunadhani ukishavaliwa, kazi imekwisha. Vitu viko vitatu, na kimoja kikikosekana vingine havina maana: mkanda wenyewe, kamba, na mahali kamba inapofungwa.

Tuanze na mkanda. Unaotakiwa ni wa mwili mzima: unapita mabegani, kifuani na kwenye mapaja yote mawili, na una pete ya chuma mgongoni, katikati ya mabega. Ule wa kiunoni peke yake usiutegemee. Mtu akianguka akiwa ameuvaa, nguvu yote inakwenda tumboni na kwenye uti wa mgongo, au anachomoka kabisa na kuangukia kichwa. Marekani hairuhusu mkanda wa kiunoni utumike kumdaka mtu anayeanguka kwenye kazi za ujenzi tangu mwaka 1998.

Mkanda uvaliwe ukaze. Kipimo chepesi ni hiki: kiganja kilichonyooka kipite kati ya mkanda na paja, lakini ngumi isipite. Mkanda uliolegea ni kama viatu vya kuazima, utakuvuka siku ya kukimbia.

Kabla ya kuuvaa uangaliwe wote kwa macho na kwa vidole. Uzi uliofumuka, sehemu iliyokatika, iliyoungua kwa cheche au iliyokauka na kupauka kwa jua, vyote ni sababu ya kuuacha. Pete na vifungo visiwe na kutu wala ufa. Na mkanda ambao umewahi kumdaka mtu akianguka usitumike tena, hata kama unaonekana mzima, maana nyuzi za ndani zimeshavutika. Ndiyo maana mkanda wa mtumba usiojulikana ulikotoka ni wa kuogopa. Anayekuuzia hawezi kukuhakikishia kwamba haujawahi kuanguka na mtu.

Kamba ya kudaka na kamba ya kuzuia

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwa nalijua kabisa, na nimegundua hata baadhi ya mafundi hawalijui.

Kamba inaweza kufanya kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kumdaka mtu akiwa ameshaanguka. Ya pili ni kumzuia asifike ukingoni, ili asianguke kabisa.

Kamba ya kudaka inafaa kwenye ghorofa. Kwenye nyumba ya chini inaweza kuwa danganya toto. Fanya hesabu hii. Kamba ya kawaida ina urefu wa mita 1.8. Ile ya kitaalamu ina kipande kilichokunjwa ambacho hufumuka mtu anapoanguka, ili asishtuliwe vibaya. Kikifumuka huongeza kama mita 1. Chini ya pete ya mgongoni kuna mwili wa mtu mwenyewe, kama mita 1.5 mpaka miguuni. Ongeza nafasi ya tahadhari, karibu mita 1. Jumla inakuwa zaidi ya mita 5 kutoka kamba ilipofungwa hadi ardhini. Nyumba yako ina paa la mita 3 ukingoni. Fundi atafika chini kabla kamba haijamaliza kufanya kazi yake, mkanda mzuri mwilini na yote.

Kwa hiyo kwa nyumba zetu nyingi, kamba inayotakiwa ni ya kuzuia. Ipimwe na kufungwa ikiwa fupi kiasi kwamba fundi akienda mpaka mwisho wake, inamsimamisha akiwa bado hajafika ukingoni, kama hatua moja nyuma. Fundi mzoefu ataijaribu kwanza akiwa katikati ya paa, anaivuta kwa uzito wake, anaona inamwishia wapi.

Utaniuliza, na anayetengeneza mfereji wa maji ya mvua pale ukingoni je? Kazi ya ukingoni isifanywe kutoka juu ya paa. Ifanywe kutoka chini, kwenye jukwaa lililosimama vizuri, au kwenye ngazi iliyofungwa ikiwa ni kazi ndogo.

Kamba inafungwa wapi?

Nilipomuuliza msimamizi mmoja wa ujenzi, alinijibu kwa swali: “Ungeweza kutundika gari dogo hapo?” Kama jibu ni hapana, usimtundike mtu. Mtu anayeanguka anavuta kamba kwa nguvu iliyo mara nyingi ya uzito wake wa kawaida. Kanuni za Marekani zinataka kila mtu afungiwe mahali panapoweza kuhimili mzigo wa zaidi ya kilo 2,000.

Kamba isifungwe kwenye bomba la plastiki, nguzo ya antena, ubao wa ukingoni wa kupigilia mfereji, stendi ya tanki la maji, wala papi moja iliyopigiliwa misumari miwili. Ifungwe kwenye kenchi nene zilizoungana vizuri, au kwenye nguzo ya zege.

Njia inayotumika sana kwa nyumba ya chini ni kurusha kamba ipite juu ya kofia ya paa na kuifunga upande wa pili wa nyumba, kwenye shina la mti mkubwa au nguzo imara, huku fundi akifanya kazi upande huu. Ni njia nzuri, ila ina masharti yake. Bati lina makali, kwa hiyo kila kamba inapopinda juu ya ukingo wekwe gunia lililokunjwa au kipande cha zulia. Kamba iwe mbele ya fundi, si mbali ubavuni. Ikiwa ubavuni, akiteleza atabembea na kujibamiza. Na kamwe isifungwe kwenye gari. Gari lina ufunguo, na ufunguo una mtu asiyejua kwamba kuna binadamu kwenye ncha ya pili ya kamba.

Kamba yenyewe isiwe ya katani ya kufungia mizigo wala ya kuanikia nguo. Fundo nalo linapunguza nguvu ya kamba, kwa hiyo kamba fupi zilizoungwaungwa ziachwe.

Ngazi nayo ina sheria zake

Mafundi wengi waliniambia kwamba kinachowatisha zaidi ni ile hatua ya kutoka kwenye ngazi kuingia kwenye paa, na kurudi. Mguu mmoja uko huku, mwingine kule.

Ngazi ipite ukingo wa paa kwa karibu mita 1, ili mtu awe na kitu cha kushika anapovuka. Miguu ya ngazi iwe mbali na ukuta kwa robo ya kimo inachopanda: paa la mita 3, ngazi ikae kama sentimita 75 kutoka ukutani. Juu ifungwe, chini awepo mtu mzima wa kuishika. Ngazi ya alumini isikaribie waya wa umeme.

Anayepanda asibebe kitu mkononi. Nyundo na misumari viingie kwenye mfuko au vivutwe kwa kamba baadaye. Avae viatu vya raba vyenye soli laini, si kandambili. Akiwa juu akanyage kwenye mstari wa misumari, maana chini yake ndiko papi ziliko. Mabati ya plastiki yawekewe alama au yafunikwe kwa ubao kabla ya yote. Na mvua ikianza, hata ya rasharasha, anashuka. Ndoo ya chumbani itasubiri.

Akianguka, usifanye kama mimi

Siku ile tulimbeba fundi mikono na miguu, watu wanne, tukamkunja ndani ya bajaji. Tulidhani tunamwokoa. Daktari alituambia tungeweza kumpoozesha.

Aliyeanguka kutoka juu anaweza kuwa ameumia uti wa mgongo hata kama anaongea. Usimnyanyue, usimkalishe, usimpe maji. Mwache alivyolala, mtu mmoja ashike kichwa chake kisiyumbe, wewe angalia kama anapumua. Damu inayotoka ikandamizwe kwa kitambaa safi. Itisheni gari la wagonjwa. Ikibidi kabisa mmhamishe wenyewe, alazwe kwenye ubao mpana au mlango uliong’olewa, mwili ukiwa umenyooka, wamnyanyue watu wengi kwa pamoja. Na hata akisimama mwenyewe na kusema “niko poa”, aende hospitali. Damu ya ndani haionekani.

Kama ni jengo refu na amebaki ananing’inia kwenye mkanda, msishangilie kwamba amepona. Mtu anayening’inia bila kusogea, damu inakwama miguuni, na ndani ya dakika chache anaweza kupoteza fahamu. Mwambieni achezeshe miguu, na ashushwe upesi. Ndiyo maana kabla ya kazi kuanza lazima ijulikane nani atamshusha na kwa ngazi ipi. Kwa hapa Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa namba 114.

Watoto wako wanatazama

Siku ya fundi, watoto wasicheze upande anaofanyia kazi. Nyundo inayodondoka haichagui kichwa. Kazi ikiisha, au fundi akienda kula, ngazi ilazwe chini. Ngazi iliyoachwa ukutani ni mwaliko kwa mtoto ambaye tiara yake imenasa juu tangu juzi.

Kwa wenye vijana: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mtoto wa chini ya miaka 18 kuajiriwa kwenye kazi za hatari. Kijana wa miaka 15 anayepandishwa paani kwa sababu “ni mwepesi” hajifunzi ufundi, anatumiwa. Akiwa chini ya umri huo abaki chini: apime mbao, akate, ahesabu mabati. Akishatimiza umri na kuanza kupanda, zawadi yake ya kwanza iwe mkanda wa mwili mzima, kabla ya simu mpya.

Kuna na jambo la fidia. Tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Lakini fundi tunayemwita kwa simu asubuhi na kumlipa jioni mara nyingi hana mwajiri aliyemsajili mahali popote. Akianguka, mfuko wake ni mke wake, kanisa au msikiti wake, na mchango wa kwenye kundi la mtaa. Kwa fundi wangu tulichanga. Pesa zilitosha dawa na kodi ya miezi miwili. Yeye alikaa bila kazi miezi minane.

Muulize, na ulipe muda wake

Najua utakachojibiwa ukimuuliza fundi kuhusu kamba. “Mama, kazi hii nimeifanya miaka 20.” Usibishane naye. Mwambie: “Najua unaijua kazi, ila hapa kwangu hapandi mtu bila kamba.” Kisha uwe tayari kulipa gharama yake. Kufunga kamba vizuri kunachukua muda, na pengine itabidi akodi au aazime mkanda kwa wenzake wa minara au wa sola. Vifaa hivi vinauzwa pia kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, na mafundi wanne wakichanga wanaweza kuanza na seti moja. Ukimkata bei mpaka mfupani halafu ukamhimiza awahi, umeshamwambia aache nini.

Mimi nilimkata Sh25,000. Nimeshaihesabu pesa hiyo mara nyingi sana.

Mwezi uliopita nilimwita tena fundi wangu. Siku hizi anachechemea kidogo na hapandi. Anasimama chini na kumwongoza msaidizi wake, kijana wa miaka 24. Nilimwona akivuta mkanda wa yule kijana mapajani, akapitisha kiganja, akajaribu ngumi. Akazunguka nyuma ya nyumba kukagua fundo kwenye mwembe. Kazi ilichukua siku nzima badala ya asubuhi, nikalipa bei aliyoitaja.

Wakati anakunywa chai nilimwomba radhi kwa siku ile, kwa kutomuuliza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Mama, ungeniuliza ningekudanganya kwamba kamba ninayo, nimeisahau tu nyumbani. Lakini ungesema nenda kaichukue, ningekwenda kuitafuta.”

Basi mzazi mwenzangu, wiki hii kabla mvua haijaanza, fundi akifika mlangoni kwako, umkaribishe, umpe maji, halafu umuulize. Akisema ameisahau, mwambie akaichukue.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.